Kilo za Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai, kwa sababu nilikuwa nimewatangazia watu wote wa kijijini kwetu Myanga kwamba naenda kufanya kazi ya ndege. Msimamizi wa kiwanja, mzee mfupi mwenye filimbi shingoni, alinitazama kutoka juu hadi chini, kisha akanikabidhi fyekeo. Kiwanja chenyewe kilikuwa nje kidogo ya mji wa Kitale: njia moja ya kurukia, ofisi ya vyumba viwili, na mfuko wa upepo, yaani ile soksi kubwa ya kitambaa inayomwonyesha rubani upepo unatoka wapi. Kufikia saa nne tai ilikuwa mfukoni.

Ninyi vijana mkisikia kiwanja cha ndege mnawaza vioo na ngazi zinazojiendesha. Sisi tulikata nyasi, tukafukuza ng'ombe, tukajaza mchanga kwenye ndoo za kuzimia moto, na ndege ikitua tulibeba mizigo na kuwaonyesha wageni choo. Baadaye nilihamishiwa Bungoma miaka miwili, kwenye uwanja wa nyasi ambapo ndege zilitua wakubwa wakifiwa tu. Huko nilipumzika sana. Niliporudi Kitale nikapandishwa cheo, nikawa mpima uzito.

Ndege ya viti kumi na viwili hupangwa kama magunia kwenye baiskeli. Ukizidisha nyuma, mbele inainuka. Kwa hiyo kila abiria alipanda kwenye mizani, nami nikasoma kilo zake kwa sauti ili karani aziandike kwenye manifesti, ile orodha ya watu na uzito wao ambayo rubani huitia sahihi kabla ya kuruka. Mzigo wa mtu haukuruhusiwa kupita kilo kumi na tano.

"Sikia, wewe," Msimamizi aliniambia. "Mkubwa akikuja, pima. Askofu akikuja, pima. Ndege haijui heshima, inajua kilo."

Nikawapima wote. Wanaume walivuta tumbo ndani, sijui walidhani mizani ina macho.

Kisha asubuhi moja, wa tatu kwenye foleni alikuwa mama mkwe wangu kutoka Sirisia, amejifunga leso mbili, anakwenda Nairobi kumwona binti yake mdogo aliyejifungua. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono. Ukimwona njiani unaingia shambani mpaka apite. Mimi nilijificha nyuma ya ndoo za mchanga.

"Msimamizi, huyo ni mama ya bibi yangu. Pima wewe."

"Miwani yangu iko nyumbani. Na nani analipwa kupima?"

Nilifikiria kutaja sabini tu, niiokoe nyumba yangu. Lakini niliitazama ile ndege, nikawatazama watu kumi na mmoja watakaoruka naye, roho ikakataa. Mama alipanda akiwa amefunika uso kwa leso. Nikausoma mshale huku nimegeuza shingo.

"Themanini na tisa."

"Ngapi?" karani akauliza.

"Themanini na tisa," nikarudia kwa nguvu. Rubani mwenyewe akamtoa kiti cha nyuma, akamketisha katikati ili ndege itulie, watu wakitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Jioni mke wangu, Nekesa, aliningoja mlangoni.

"Baba Wafula, ati umemsomea mama yangu kilo kama nyama?"

Tangu siku hiyo, kila nilipokwenda ukweni nilichinjiwa kuku, lakini firigisi haikuonekana sahanini. Firigisi ni heshima ya mwanamume. Kuku asiye nayo ni barua. Nilikula barua hizo miaka tisa, na ziliniuma.

Mwaka jana nilistaafu. Kiwanja kilinipa ile mizani kuukuu iwe zawadi, maana nayo ilikuwa imestaafu. Siku ya sherehe nyumbani, mama mkwe aliingia uani, akavua leso zote mbili, akampa Nekesa, akapanda juu ya mizani mbele ya wageni.

"Nekesa, mwambie mume wako asome."

"Sabini na mbili," nikasema.

"Mwambie asome na ile sauti ya siku ile."

Nikapaza sauti mpaka jirani akachungulia juu ya ua.

"Wote mmesikia," mama akasema. "Siku ile nilikuwa nimejifunga unga ya wimbi kilo kumi na nne kwa tumbo, na kuku wawili wa kukaushwa. Mtoto amezaa, si atakunywa uji? Na mkoba ulikuwa umejaa. Ningesema, si wangenishusha?"

Miaka thelathini ya kupima watu imenifundisha kwamba uzee nao hupunguza kilo. Hilo sikulitaja. Msimamizi alisema kweli kuhusu ndege, lakini mimi nimestaafu, na hapa nyumbani hakuna kinachoruka.

Chakula kilipoletwa, nilifunua sahani yangu. Firigisi ilikuwa juu kabisa.