Pindo la Kitenge

Mwaka ambao nguo zilitoweka madukani, kanuni za sare hazikulegezwa hata kidogo. Mwalimu mkuu wetu alitusomea mstarini kama alivyotusomea miaka yote: wavulana kaptula ya kaki na shati jeupe, wasichana blauzi nyeupe na sketi ya buluu inayovuka magoti, nywele zote zinyolewe. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi na viberiti, basi. Kuna watoto waliokuja wamevaa mashati ya mifuko ya unga, maandishi yakiwa bado yanasomeka mgongoni, wakachapwa na kurudishwa nyumbani. Kesho yake walikuja na mashati yaleyale, wakachapwa tena.

Tulikuwa tunaishi upande wa Ushirombo. Dada yangu alikuwa darasa la saba, mimi la tano. Mwaka huo alirefuka kwa ghafla, na sketi yake aliyoshonewa zamani ikapanda juu ya magoti. Baba alikuwa ameshaondoka kwenda kuchimba dhahabu huko Geita, na salamu zake zilitufikia kwa nadra, zikiletwa na watu waliokuja kutafuta mahindi. Kwa hiyo sketi ikawa shida ya mama peke yake.

Jumapili moja baada ya misa, mama alitoa kitenge chake cha kanisani, cha kijani chenye maua mekundu. Alikata upande mmoja, akauunga chini ya sketi ya dada kwa sindano ya mkono na nyuzi alizochomoa kwenye gunia. Dada alipoijaribu, mama alimzungusha, akavuta pindo, akasimama mbali kidogo kumtazama.

"Imevuka magoti," alisema. "Wanataka nini tena?"

Jumatatu zamu ilikuwa ya mwalimu kijana aliyeletwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Suruali yake ilikuwa imenyooshwa siku zote, sijui mkaa na pasi alivipata wapi. Alikuwa na fimbo mkono mmoja na wembe mfukoni, kwa ajili ya wale ambao hawakunyoa. Alifika kwa dada akasimama.

"Hii ni sare au nguo ya ngoma?"

"Kitambaa cha buluu hakipatikani, mwalimu."

Mwalimu alichuchumaa, akatoa wembe, akakata uzi wa pindo kuanzia ubavuni. Halafu akashika kitenge kwa mikono miwili akakirarua kuzunguka sketi yote. Dada aliyumba. Mwalimu akakitupa mavumbini, akaweka fimbo juu ya magoti ya dada kama mtu anayepima ubao.

"Sasa ni fupi," alisema. "Inama."

Dada alitazama nyuma yake. Wavulana wa darasa la saba walikuwa wamepanga mstari pale pale, baadhi yao wameanza kuota ndevu.

"Siwezi kuinama na sketi hii, mwalimu. Nipige mikononi."

Fimbo ya kwanza ilimpata shingoni. Zilizofuata zilimpata mgongoni, mabegani, kichwani, popote. Shuleni kwetu kuchapwa kulikuwa jambo la kila siku, lakini fimbo zile zilikuwa nyingine. Dada aliidaka fimbo akaing'ang'ania. Mwalimu akampiga ngumi ya mdomo, na alipoanguka akamkanyaga mkono ili aiachie. Alipoipata, alishusha fimbo wakati dada anainua uso, na ncha yake ikampata jichoni.

Alipiga ukelele mmoja tu. Damu ilipita katikati ya vidole vyake ikatiririka mpaka kwenye kiwiko. Walimu wengine walikuwa wamesimama barazani mwa ofisi wakitazama. Mwalimu mkuu alisema tuingie madarasani.

Mimi sikuingia. Nilimshika dada mkono, tukaenda nyumbani.

Mama alikuwa anatwanga mtama. Alimkalisha dada, akamwosha uso kwa maji ya mtungi, akafunua kope taratibu, akatazama.

"Ulimtukana?"

"Hapana, mayu."

"Uliiba?"

"Hapana."

Mama aliinuka, akachukua mchi kutoka kwenye kinu, unga ukiwa bado umeganda kwenye ncha. Alitembea mwendo wake wa kawaida mpaka shuleni, mimi nikikimbia nyuma yake. Yule mwalimu alikuwa anafundisha darasa la nne. Mama alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mama," alisema mwalimu.

Mama aliingia, akauinua mchi, akampiga begani. Nilisikia mfupa ukivunjika, mlio mkavu kama wa muhogo mbichi. Mwalimu alianguka juu ya dawati, watoto wakaruka madirishani. Alijaribu kutambaa, mama akampiga mgongoni, kisha mguuni. Alikuwa anapiga kama alivyotwanga, kwa mapigo yale yale, mpaka walimu watatu walipomkamata na kumlaza chini. Mwalimu mkuu alimwekea goti kifuani. Mama akamng'ata mkono.

Mgambo walimfunga kamba. Alipelekwa kituoni, baadaye mahabusu ya Kahama. Hakimu alimuuliza kama anajuta. Mama alisema, "Angeniita, ningekuja tukazungumza." Alifungwa miezi kadhaa. Mwalimu hakushtakiwa, kwa sababu fimbo yake ilikuwa na ruhusa.

Bibi alitulea. Masista wa misheni walilitibu jicho la dada, likabaki mahali pake, lakini tangu hapo aliona ukungu tu upande ule. Shule aliikataa. Alishinda shambani akipalilia pamba, na mtu akitaja mtihani wa darasa la saba alihama mstari.

Mama alirudi amekonda, mtihani ukiwa umekaribia. Majirani walikuja kumpokea. Walipoondoka alimwita dada.

"Unakwenda shule?"

"Siendi, mayu."

Mama alivunja fimbo kwenye ua akaanza kumchapa. Alimchapa uani, akamtoa njiani akimchapa, watu wakitoka kutazama. Dada alikuwa anamzidi mama urefu, angeweza kumsukuma. Hakumsukuma. Bibi alimsihi aache, mama akazidi.

"Nimelala kwenye sakafu ya jela," alikuwa akisema, akihema. "Utakwenda."

Asubuhi dada alikwenda, amejifunga kile kitenge cha mama kilichobaki. Mama alisimama ukingoni mwa uwanja akiwa mikono mitupu. Mwalimu mkuu alimwona, akapita mbele ya dada bila kutazama alichovaa. Yule kijana alikuwa amekwisha kuhamishiwa upande wa Chato.

Dada alifanya mtihani. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Baadaye aliolewa Ushetu na mkulima wa tumbaku, mtu mpole.

Miaka mingi baadaye nilimtembelea, tukakaa tunachambua majani. Nilimuuliza ni kipigo kipi kilichomuuma zaidi. Alinigeuzia jicho lake zima.

"Cha mama," alisema. "Kile cha mwalimu nilikiona kinakuja."

Kisha akaniambia nimsogezee fungu jingine, kwa sababu majani yalikuwa yanaanza kukauka.