Marashi ya Binti Sultani

Miaka ile watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu Geita, Mwahija alibaki Shinyanga mjini akiuza marashi. Aliyatengeneza mwenyewe kwa asumini, maganda ya machungwa na maji ya mapera yaliyoiva, akayaita Binti Sultani. Kila mnunuzi alipewa na hadithi yake: binti wa jumba la kifalme Unguja alitoroka na mpenzi wake kupitia bustani ya matunda, nguo zikabaki na harufu hiyo hiyo. Mwahija mwenyewe hakuwahi kuvuka Tabora. Hakuna aliyemuuliza, na mimi jirani yake nilinunua kama wengine.

Ndoa ya kwanza aliozwa angali mwali. Mwalimu wa chuo cha Kurani alipokuja mlangoni kumuuliza kama anamkubali mume, alinyamaza, na mwali akinyamaza huhesabiwa amekubali. Hakuwa amekubali. Alikuwa analia. Aliishi na bwana yule mpaka talaka ikamwokoa.

Basi Shaaban, mchuuzi wa nta kutoka Ushirombo, alipomposa, Mwahija alifurahia jambo moja kuliko yote: mwanamke aliyekwisha kuolewa lazima ajibu kwa mdomo wake. Aliingoja siku hiyo kama wengine wanavyongoja mahari.

Ilipofika akajipaka chupa nzima, kuanzia ushungi mpaka miguu. Shaaban naye alikuwa ameleta asali, ikafunguliwa uani wapishi waionje. Nyuki wakaifuata asali, wakasikia harufu ya mapera, wakaiacha asali.

Waliingia chumbani kwa bibi harusi. Somo yake Chausiku, aliyeapa kutomwacha mpaka mwisho, aliruka dirisha akakimbia. Nami nilitoka, sina haja ya kudanganya. Nilijificha nyuma ya mwalimu wa kufungisha ndoa, aliyekuwa amejizungushia kilemba usoni.

"Mwahija, usitikisike!" Shaaban alipaza sauti kutoka barazani. "Wataondoka wenyewe!"

Mwalimu akauliza akiwa mbali na mlango, "Mwahija binti Zamoyoni, unakubali kuolewa na Shaaban?"

Kimya. Nyuki walikuwa wametua usoni mwake mpaka midomoni.

"Amenyamaza, mwalimu," akasema baba yake mdogo, Mzee Akida, mwenye kumwoza, huku akijikuna shingo. "Tuseme amekubali, tukale."

"Sijanyamaza!" Mwahija akapiga kelele. "Nimekubali!"

Nyuki mmoja akamuuma mdomo wa juu, mwingine wa chini. Akarudia tena, polepole, kwa mdomo uliokwisha kuvimba, ingawa mwalimu alikuwa ameshasema imetosha.