Alama ya Marehemu Baba

Nakuam hakumwazima mtu yeyote kitabu. Mchungaji aliomba, akanyimwa. Mwalimu aliomba, akafungiwa mlango. Kijijini Burat walimwita mchoyo, naye hakujali, maana ni watu hao hao walioazima sufuria zake zikarudi zimetoboka.

Vitabu hivyo alivinunua kimoja kimoja sokoni, vingine havina hata jalada. Ndivyo vilivyomfunza kuandika. Akikwama katikati ya hadithi, alifungua kimoja aone mwandishi mwenzake alijitoaje, kisha akaendelea. Hatimaye hadithi zake mwenyewe zikachapishwa, kitabu chembamba chenye picha yake nyuma.

Ili visiibwe, kila kitabu alikikata pembe za ukurasa wa kwanza, vile marehemu baba yake alivyokata masikio ya mbuzi wake. Alijiona mjanja sana.

Alipokwenda Meru kwa shughuli zake, kaka yake mkubwa Ekiru alivunja kufuli, akavipakia vyote kwenye tuktuk hadi kwake, awauzie wachuuzi wa mtaa wa Bulla Pesa karatasi za kufungia njugu. Nakuam aliporudi, hasira ilitaka kumpasua. Alimwita baba yao mdogo, Mzee Esekon, aliyeamua kesi za mifugo za ukoo, wakaenda kwa Ekiru. Vitabu vilikuwa vimerundikwa uani juu ya turubai.

"Baba mdogo, angalia alama," alisema Nakuam. "Zote nimekata mwenyewe. Hizi ni zangu."

Mzee alifunua kimoja, kisha kingine, akapapasa pembe kwa kidole gumba.

"Hii alama ni ya nani?"

"Ya baba."

"Na baba alipokufa, ilibaki kwa nani?"

Nakuam alimtazama kaka yake. Ekiru akaanza kucheka, mjinga yule, maana wazo hilo hata yeye hakuwa nalo. Alikuwa amejiandaa kudanganya tu.

"Mbuzi akiwa na hii alama, ni ya Ekiru," Mzee alisema. "Hakuna mtu alikulazimisha kukata."

"Hizi si mbuzi! Nimenunua na jasho yangu!"

"Mama yako pia alinunua mbuzi na jasho yake. Aliweka alama ya nani?"

Nakuam alimchukia pale pale, mzee aliyemlea, wala hakuionea haya chuki hiyo. Aliinama, akachomoa kile kitabu chembamba.

"Na hii je? Iko na jina yangu. Iko na sura yangu!"

Ekiru alimpokonya, akafunua ukurasa wa kwanza. Pembe zilikuwa zimekatwa.

"Iko na alama," alisema.

Mzee aliangalia pembeni, akamwachia Ekiru kitabu. Hukumu ikawa imetoka.

"Haya, kaa nayo," Nakuam alisema. "Lakini ile naandika sasa, Ekiru, wewe uko ndani. Wewe na huyu mzee. Na majina sijabadilisha."

Aligeuka akashika njia. Nyuma yake, kwa mara ya kwanza maishani mwake, Ekiru aliuliza kitabu kinasema nini.