Tovuti Inadai Picha ya Nyumba Iliyomezwa na Lava

Saa mbili na nusu asubuhi, Ndosho, mjini Goma. Asumini Jumaine, mama wa miaka arobaini na mmoja, anafuta vumbi jeusi kwenye kompyuta yake kwa ncha ya kitenge. Wateja sita wameshajibana kwenye benchi chini ya bati.

Kazi yake ni kuwajazia watu fomu za serikali mtandaoni. Tovuti ni Kifaransa kitupu. Asumini husoma swali, hulitamka kwa Kiswahili, kisha huandika jibu. Kila fomu ni faranga elfu mbili, na siku ikiwa nzuri hujaza kumi.

Wa kwanza leo ni mzee Ntirenganya, mkulima aliyekimbia vita Rutshuru. Anataka cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake.

"Alizaliwa wapi, muzee?"

"Kwa kambi. Ndani ya hema."

Asumini anaipekua orodha ya hospitali za uzazi. Kambi haimo, na ukurasa hausogei mpaka achague mojawapo.

"Sasa mama, niseme maternité yenye hatukufika? Mutoto aanze maisha na bongo, na uongo?"

"Sijue, papa. Kweli sijue."

Hamtozi kitu. Mzee anabaki ameshika tama.

Na maskini, Asumini anayeulizwa ana maswali kuliko wote. Mei 2021, volkano ilipolipuka, lava iliifunika nyumba yake ya mbao kule Buhene. Kilichobaki ni kiwanja chenye mwamba juu yake, nacho ndicho mali yake yote. Asipopata hati mpya, anaweza kunyang'anywa. Mwezi uliopita alikuta mtu asiyemjua amepanga mawe ya mpaka katikati yake.

Ombi la hati alilituma Desemba 2024. Tovuti ikamjibu kwamba linashughulikiwa. Mwishoni mwa Januari waasi wakauteka mji, makarani wakatawanyika, ikafunguliwa ofisi nyingine yenye muhuri mwingine. Tovuti, ajabu, haikutikisika hata kidogo.

"Kila siku inaniambia banashughulikia," anasema Asumini. "Ni banani? Bako wapi? Ao ni mashini yenyewe inajisemea?"

Ofisi mpya ilimtaka aanze upya. Mukakalisa, aliyekuwa jirani yake Buhene, akamtia hofu kwamba muhuri huo unaweza kumponza kesho serikali ikirudi. Afuate upi? Kichwa kinamzunguka. Mwandishi wa habari hii naye ameuliza huku na huko, akarudi haelewi zaidi ya alivyokwenda.

Mwezi wa nne ndipo ukurasa ulipodai picha ya nyumba, upande wa mbele. Asumini akapanda pikipiki mpaka Buhene. Yeye na Mukakalisa wakahesabu hatua kutoka barabarani, wakapakisia mahali mlango ulipokuwa, akapiga picha ya mwamba. Alipoituma, jibu likaja papo hapo: picha haionyeshi nyumba, tuma nyingine.

"Ehe! Si ndiyo ninakwambia haiko?" aliifokea kompyuta. Wateja wakaangua kicheko. Akacheka nao, kisha machozi yakamtoka mbele yao wote.

Ukiwauliza wa kwenye benchi wanachotaka kwenye tovuti hizi, wote wanasema kwa mpigo. Huyu anataka Kiswahili, yule anataka kujua ofisi ipi iko wazi leo. Mzee Ntirenganya anataka namba ya simu. "Na mutu mwenye kuitika," anaongeza. "Hata akikatala, tujue ni mutu alikatala."

Asumini amechoka kungoja. Ameshaelewana na fundi. Jumamosi wataanza kusimamisha mbao juu ya lava, na Mukakalisa atakuwepo kuhesabu hatua. Uwezo wake unatosha ukuta mmoja tu, ule wa mbele, wenye mlango na dirisha. Nyuma yake patakuwa wazi.

"Vyumba vitafuata, Mungu akipenda," anasema. "Kwanza nipate mulango, niupige picha. Tuone kama wataukatala na huo."

Na yule mwenye mawe ya mpaka akitokea?

Asumini anamwita mteja anayefuata, anavuta kompyuta karibu.

"Akuje tu," anasema. "Atapiga hodi."