Makofi ya Darasa la Kwanza

Mume wangu alifariki wakati wa masika, na baada ya arobaini nikarudi kazini. Tulikuwa tunafundisha shule moja ya msingi, nje kidogo ya Kharumwa. Yeye alikuwa na darasa la pili, mimi la kwanza, ukuta mmoja katikati. Ukuta ule haukufika kwenye bati, kwa hiyo tulisikiana.

Mimi ni mtu wa Masasi. Nililetwa huku na ajira, nikiwa na cheti cha ualimu nilichosomea baada ya kidato cha nne, nikaolewa huku huku. Kisukuma sikukijua. Najua salamu, najua kununua nyanya, basi. Nilipojaribu zaidi ya hapo mawifi walicheka matamshi yangu, nami nikaacha. Nyumbani tukawa tunaongea Kiswahili.

Watoto wa darasa la kwanza wanakuja shule na Kisukuma kitupu. Mtoto akisema jambo nisilolielewa, nilipaza sauti ukutani: "Mwalimu, huyu anasemaje?" Nilieleza nilivyosikia, na mume wangu alijibu kutoka upande wa pili bila kuacha kuandika ubaoni. Watoto walishazoea.

Baada yake, mtoto akisema nisichokielewa nilisema, "Mpigieni makofi ya kilo." Darasa zima linapiga: kilo moja, kilo mbili, kilo tatu. Mtoto anakaa akiwa amefurahi, nami nanyoosha kidole kwa mwingine. Ningependa kuandika kwamba nilianza hivyo baada ya msiba. Si kweli. Hata zamani, siku ambazo mume wangu hakuwepo shuleni, nilifanya hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba zamani siku nyingi alikuwepo.

Ijumaa, watoto wakishaondoka, walimu tunabaki kwa mafunzo ya kazini. Mmoja anarekodiwa kwa simu akifundisha, kisha wote tunatazama na kutoa maoni. Fomu ina sehemu mbili, mazuri na ya kuboresha. Kwenye ya kuboresha tulikuwa tunaandika uhaba wa zana, wiki baada ya wiki, kwa sababu uhaba wa zana haumuudhi mtu.

Mwezi wa kumi zamu ilinifikia. Wakati huo nilikuwa nimeshaandika, kwa penseli, orodha ya watoto watakaorudia darasa la kwanza. Ilitakiwa kwa mkuu wa shule Jumatatu. Mmoja wao alikuwa msichana mdogo anayelelewa na bibi yake, baba yuko machimboni upande wa Bulyanhulu. Alikuwa anakaa dawati la nyuma. Nilikuwa nimeandika mbele ya jina lake: hasomi, hajibu anachoulizwa.

Tulitazama ofisini, tumeinamia simu iliyoegemezwa kwenye kopo la chaki. Nilijiona naandika silabi ubaoni. Nikamsikia msichana yule akisimama na kusema maneno machache. Nikasikia sauti yangu: "Vizuri! Mpigieni makofi ya kilo."

Ofisi nzima iliangua kicheko.

"Madamu wa Kusini," alisema mwalimu wa michezo, "wewe unagawa kilo kama muuza dagaa!"

"Kwani amesemaje?" niliuliza.

Mwalimu wa michezo akatazama dari.

"Mwambieni basi," alisema mkuu wa shule.

Aliyeniambia ni mwalimu mpya, binti wa hapa hapa wilayani, mwaka wake wa kwanza kazini. "Shikamoo, mama," alianza, kana kwamba hatujaonana tangu asubuhi.

"Marahaba. Sema."

"Amesema haoni. Amesema, mwalimu, huku nyuma mimi sioni."

Niliomba warudishe. Tukasikiliza tena. Anasema haoni, darasa linampigia makofi, anatabasamu, anakaa.

Mkuu wa shule alishika kalamu. "Mazuri: mwalimu anawatia moyo wanafunzi. Ya kuboresha…"

"Andika kwamba sielewi watoto wanachosema," nilimwambia.

"Aa, madamu. Fomu hii inakwenda kata. Umetoka kwenye msiba, watu wanaelewa."

"Msiba hauhusiki. Na kwenye orodha ya kurudia nimemwandika huyo mtoto."

Aliweka kalamu chini. Akauliza, bila ukali, hao wengine nao niliwapimaje. Nikamjibu kwamba niliwapima kwa Kiswahili, na asiyejibu nilimwandika. Mwisho alisema orodha itangoja wiki moja, na binti yule atakaa nami tulipime upya darasa zima.

Tulianza na msichana. Tulimkalisha dawati la mbele kabisa, hatua mbili kutoka ubaoni. Binti alimweleza kwa Kisukuma anachotakiwa kufanya. Alisoma ba, be, bi. Alisoma baba. Kwenye neno kalamu alikwama, akasoma ka, akatutazama kwa zamu. Siwezi kusema alikuwa anajua kusoma na mimi nikamkosea tu. Alikuwa anajua kidogo, sawa na wengi niliokuwa nimeshawapitisha. Wao walikaa mbele.

Ilituchukua siku nne kuwamaliza wote. Watoto watatu walitoka kwenye orodha. Wawili waliingia ambao hawakuwemo, na mama wa mmoja wao tukikutana kisimani hanisalimii. Fomu ya Ijumaa ilikwenda kata na maneno yangu kama nilivyoyasema, kwa mwandiko wa mkuu. Halikurudi jibu lolote. Niliomba mwenyewe kuhamishwa, na mwaka uliofuata binti akapewa darasa la kwanza, mimi nikapewa la nne, ambako watoto wanaongea Kiswahili vizuri, tena kwa haraka kunishinda mimi.

Msichana alikwenda la pili. Ilinibidi niandike maelezo ya kila mtoto kwa mwalimu anayempokea, yule aliyekalia nafasi ya mume wangu. Kwenye orodha nilifuta ile penseli mbele ya jina lake, na kwenye maelezo yake nikaandika kwa kalamu: Akae mbele. Bibi ameambiwa ampeleke kupima macho, hajaenda bado. Anajua zaidi ya nilivyoandika mwanzo. Kiasi gani, sijui.