Simu Iliposema Mpenzi Yuko Karibu

Jamani, leo nimemkumbatia baba mkwe!

Mume wangu, asali wangu, alifunga kifaa kidogo cha bluetooth kwenye funguo za pikipiki. Akikaribia nyumba, simu yangu inalia: "Mpenzi yuko karibu."

Tuna wiki tatu za ndoa. Kila ikilia, natoka mbio.

Leo ikalia. Nikamrukia akiwa bado na helmeti usoni: "Karibu, moyo wangu!"

Kumbe baba mkwe aliazima pikipiki. Na kwetu Muleba, mkaza mwana hampi baba mkwe hata mkono.

Nikafa ganzi. Hata aibu sijaisikia bado.

Akaweka funguo chini, akageukia migomba.

"Mwanangu, hukuniona. Nami sikukuona."

Akaondoka kwa miguu.

Kesho nampelekea kahawa kwa uso gani?

Funguo bado ziko chini. Simu inasema mpenzi yuko karibu.