Barua ya Uhamisho

Januari iliyopita mwalimu mkuu alituita ofisini, walimu wote sita, akatuambia kila mmoja aende vijijini atafute watoto watano. Gredi ya kwanza ilikuwa na wanafunzi wanne, na wawili kati yao walikuwa ndugu. Tukizidi kupungua, alisema, shule itafungwa na sisi tutatawanywa. Nimefundisha hapo, juu kidogo ya barabara ya Naro Moru, tangu nikiwa msichana wa kuvaa viatu virefu kwenye matope. Nimebakisha miaka mitatu kustaafu, na nilitaka niiache shule ikiwa bado inapiga kengele. Sikuwa na ombi jingine duniani.

Basi nikatoka na daftari langu kama muuza sabuni. Watu wa kwetu hawazai tena kama zamani, nami siwalaumu; mashamba yamegawanywa mpaka ng'ombe hana pa kugeukia. Vijana wamehamia Nairobi. Kwa waliobaki, akipata kidogo tu, mtu anampeleka mwanawe akademi, shule ya kulipia, hata kama akademi yenyewe ni vyumba vitatu vya mabati na basi la manjano. Nyumba baada ya nyumba nilimkuta shosho peke yake akichambua maharagwe, akiniambia kwa upole kwamba mjukuu alishapanda basi. Tuliobaki nao ni watoto wa vibarua wa mashamba ya maua, na hao huhama kazi ikiisha, wakati mwingine kabla sijashika majina yao.

Siku ya tatu nikafika kwa mama mmoja kijana mwenye watoto wawili, msichana wa kuanza gredi ya kwanza na mvulana wa chekechea. Nilifurahi mpaka nikajionea haya. Alinikaribisha, akanimiminia chai, na alipoinua uso kunipa kikombe ndipo nikamtambua. Nilikuwa nimemfundisha.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo walimu wengi wa huku wanalijua na wachache wanalitamka. Enzi za mtihani wa darasa la nane, shule ilipimwa kwa wastani wa alama. Matokeo yakitoka, wastani uliandikwa kwa chaki kwenye ubao langoni, na wazazi wakaja kuusoma kama wanavyosoma bei ya kahawa. Shule ikipanda, mwalimu wa darasa alibebwa juu juu na mbuzi akachinjwa. Ikishuka, alisalimiwa kwa mkato mpaka Pasaka. Kwa hiyo tulikuwa na njia yetu. Mtoto mzito, yule ambaye angetuvuta chini, tulimwandikia barua ya uhamisho akafanyie mtihani wake kwenye shule ndogo kule juu karibu na msitu, ambako hawakuwa na jina la kulinda. Hatukumpiga wala kumtukana. Tuliandika kwa hati nzuri, tukapiga muhuri.

Mama huyu alikuwa mmoja wao. Alisoma polepole, akifuata mstari kwa kidole, lakini hakukuwa na mtoto aliyejua kutunza miche ya shule kama yeye. Nilimwita mzazi wake nikamwambia kwamba kule juu madarasa ni madogo, atasaidika zaidi. Yule mzazi akadhani nimemfanyia mwanawe wema. Jumatatu iliyofuata aliniletea mfuko wa viazi kunishukuru, nami nikavipokea, nikavipika, nikavila. Mwaka huo tulipanda, na mimi ndiye niliyebebwa. Wazazi waliopiga makofi siku ile ndio hao hao walioanza baadaye kusoma mbao za akademi, kwa sababu sisi wenyewe tuliwafundisha kwamba shule ni namba. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na sisi tulichimba kwa bidii.

Hakunikumbusha hata moja kati ya hayo. Aliningoja nimalize hotuba yangu ya uji wa saa nne, vitabu vya bure na walimu wenye uzoefu, kisha akamvuta yule msichana karibu na magoti yake.

"Mwalimu, huyu ni mzito kama mimi," alisema. "Akishindwa, utamwandikia ile barua?"

Nikamwambia mtihani ule uliisha, mtaala umebadilika, hakuna anayeandika wastani langoni siku hizi.

"Mimi siulizi mambo ya mtihani. Nauliza wewe."

Ningeweza kujibu hapana. Neno lenyewe ni fupi. Lakini daftari lilikuwa wazi mapajani pangu, na moyoni nilishawaandika wote wawili kabla sijawauliza hata majina. Sikuwa nimeona watoto pale. Nilikuwa nimeona idadi, vilevile kama zamani, ila safari hii nilikuja kuongeza. Nikanywa chai. Nadhani aliona.

Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Aliniambia taratibu kwamba watoto atawapeleka kule juu. Ni mbali, alisema, lakini yeye kule walimkalisha mbele na wakamngoja amalize kusoma sentensi. Mtihani hakupita. Mwalimu wake wa kule alihudhuria harusi yake.

Nikiwa wa zamu husimama langoni asubuhi. Wale wawili hupita mapema, wameshikana mikono, na sweta zao si za rangi yetu. Mama yao amewafunza adabu, kwa hiyo husimama, wakaniambia, "Good morning, teacher," nami nawajibu. Kisha wanaendelea kupanda, nami naingia gredi ya kwanza kufundisha watoto watatu waliobaki.